Tuwaandike Wangali Wanaweza Kutukosoa

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumapili iliyopita kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha kufa na kuzikana, hapa Muheza. Wanachama walioko Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko wameomba niiweke yote, maana ile sauti iliyorekodiwa kwa simu imemezwa na mvua juu ya bati. Nimeiacha kama nilivyoisema, pamoja na pale nilipokatizwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mama zangu, ndugu wanachama. Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na wazee wangu wote, shikamooni.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Nimemwona amevua saa ya mkononi, kaiweka mezani. Najua mnanijua. Nikisimama hapa huwa nina mambo mawili tu: michango iliyochelewa, na turubai lililochanika. Leo sizungumzii michango, kwa hiyo mnaweza kuniangalia usoni. Turubai nitalisemea mwisho.

Mimi ni katibu wenu mwaka wa kumi na saba huu. Kazi za katibu mnazijua: kuandika rambirambi, kutafuta gari, kuhakikisha sufuria zinarudi zikiwa idadi ileile. Lakini ipo kazi moja ambayo haimo kwenye katiba yetu, na ndiyo inayoninyima usingizi kuliko zote. Kuandika wasifu wa marehemu.

Mnajua inavyokwenda. Mtu amefariki saa tatu usiku. Kesho kutwa mazishi. Watoto wako njiani, simu zao hazishiki. Saa kumi alfajiri niko kwenye benchi, karatasi juu ya goti, mtu ananimulikia kwa simu, nauliza: marehemu alizaliwa lini? Wanatazamana. Anatumwa mtu kutafuta kitambulisho. Kitambulisho kinasema tarehe 1 Julai. Tarehe 1 Julai! Ndugu zangu, nikihesabu wazee niliowazika waliozaliwa tarehe 1 Julai na tarehe 1 Januari, ningeamini kwamba zamani watu walikuwa wakizaliwa siku mbili tu kwa mwaka.

Kwa ndugu zetu Waislamu maiti hailazwi, na makaburini hakuna wasifu. Lakini hata huko, kwenye arobaini, huwa naombwa niseme mawili matatu, na mawili matatu yenyewe hayapatikani.

Basi naandika. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani. Alisoma hadi darasa fulani. Aliajiriwa shamba la mkonge. Alifunga ndoa. Alijaliwa watoto saba, watatu wametangulia mbele ya haki. Alianza kuugua mwezi uliopita. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Je, huyo ni nani? Ni baba yako? Ni baba yangu? Ni wote. Badilisha jina, umemaliza.

Niwaambie siri, kwa kuwa wahusika wamenisamehe. Kuna msiba mmoja nilitoa mfukoni karatasi ya msiba mwingine. Nikasoma. Nikasoma aya ya kwanza yote, watu wametulia, akina mama wanalia. Nimeingia aya ya pili ndipo kijana wa marehemu akanivuta koti. Katika watu wale wote, aliyegundua ni mmoja. Msicheke. Au chekeni, lakini jiulizeni kwa nini hamkugundua, maana wengi wenu mlikuwepo.

Nina jambo moja tu la kuwaambia leo. Tunawaandika watu wetu wakati mbaya. Tunawaandika siku ambayo mwenye maisha yake ndiye peke yake pale uwanjani asiyeweza kunyoosha mkono akasema, "Hapo umekosea."

Mtamkumbuka yule mzee aliyekuwa akikaa chumba cha uani, nyuma ya mashine ya kusaga. Alifanya kazi korona, yaani kiwanda cha kuchambua mkonge, mpaka korona ikafungwa. Hakuwa na mke wala mtoto anayejulikana. Tulimzika sisi, masika, udongo unateleza. Usiku ule tulifungua sanduku lake la bati kutafuta chochote cha kuandika. Tulikuta shati jeupe limekunjwa vizuri. Tulikuta kopo la dawa ya viatu lenye senti za kikoloni, zile zenye tundu katikati. Na chini kabisa, ndani ya nailoni iliyokunjwa mara nne, tukakuta kipande.

Vijana, kipande ni kadi ya kazi. Babu zenu walioletwa huku kukata mkonge waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na ile namba ndiyo iliyokuwa jina lake kwenye daftari la shamba. Kadi ilikuwa na nafasi thelathini, za siku thelathini za kazi. Ukimaliza kazi ya siku, unawekewa alama. Kadi ikijaa, ndipo mshahara.

Kadi ya yule mzee ilikuwa na alama ishirini na mbili. Nafasi nane zilikuwa tupu. Niliikaribisha kwenye taa, nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Kwa nini aliishia ya ishirini na mbili? Aliumwa? Alifukuzwa? Aligoma? Na kwa nini mtu atunze kadi hiyo mpaka kufa, kadi ambayo haikujaa? Sikuwa na wa kumwuliza. Kwenye wasifu nikaandika hivi: "Marehemu alitokea mikoa ya kusini." Mikoa ya kusini! Lindi ni kusini, Mtwara ni kusini, Songea ni kusini. Ni sawa na kusema mtu alitokea duniani.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Aliagiza miche elfu moja. Ilipofika huku pwani, iliyokuwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, hapo Pangani, na mkonge huu wote mnaouona ulianzia huko. Tunajuaje kwamba ilipona 62 na siyo 70? Kwa sababu kuna aliyehesabu, akaandika. Miche ya mkonge ina wasifu, ndugu zangu! Je, katika watu walioukata mkonge huo, ukoo wako ulifika na wangapi? Walipona wangapi? Waliorudi kwao ni akina nani? Nani kati yetu hapa anaweza kujibu bila kukisia?

Mimi mwenyewe sikuweza. Babu yangu alikuwa Mngoni wa Songea, alikuja huku manamba, na mjukuu wake ni mwalimu mstaafu, amefundisha historia darasa la sita miaka na miaka, na alikuwa hajui babu yake alifikaje Muheza. Hapo ndipo nilipomwendea shangazi.

Shangazi yangu anakaribia themanini. Nilikwenda kwake siku ya kwanza kama mwalimu anavyokwenda: shati limepigwa pasi, daftari, kalamu mbili. Nikamwambia, "Shikamoo shangazi. Nimekuja unieleze historia yako." Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. "Historia? Mimi nimesoma wapi mpaka niwe na historia? Historia ni ya kina Nyerere." Nikanywa chai, nikaondoka. Nikarudi mara ya pili, hadithi ileile. Mara ya tatu akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani.

Mara ya nne sikubeba daftari. Nilimkuta amefungua kasha la nguo, anatoa kanga kuukuu za kuchania nepi za kitukuu. Anashika kanga, anachana. Anashika nyingine, anachana. Akafika kwenye moja ya rangi ya damu ya mzee, imefifia mpaka maandishi yanasomeka kwa shida: Japo sipati tamaa sikati. Akaishika, akaikunja, akairudisha kashani. "Hii hapana."

Nikauliza, "Hiyo alikununulia nani, shangazi?"

Nawaambia, alianza kusema jua likiwa juu ya mnazi, akanyamaza adhana ya magharibi inalia. Miaka yote nilikuwa nauliza historia, kumbe nilitakiwa kuuliza kanga. Mtu haoni maisha yake kama historia. Anayaona kama sufuria, kanga, baiskeli, kovu la mguuni. Muulize kovu. Muulize kwa nini ndugu yake huyu na yule hawali sahani moja. Muulize chakula cha siku alipofika ugenini. Ukimwuliza "historia ya maisha yako" atakupa wasifu wa marehemu, maana naye ameusikia misibani kama wewe.

Na tarehe? Tarehe zina njia yake. Nilimwuliza, "Hiyo ilikuwa mwaka gani?" Akasema, "Mwaka nitaujulia wapi? Mkonge ulikuwa umeanza kushuka bei, wanaume wanashinda kambini hawana kazi." Nikauliza, "Kabla ya Azimio la Arusha au baada?" Akajibu hapohapo: "Kabla. Azimio limenikuta na mimba ya kaka yako." Azimio ni Februari 1967. Bei ya mkonge ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya sitini. Kwa hiyo tuko 1966, na hatukuhitaji cheti. Wazee wetu hawana kalenda ukutani, ila wanazo vichwani: mwaka wa Uhuru, kuhamia vijijini, vita vya Kagera, foleni za sukari na sabuni, MV Bukoba, mvua za El Nino. Wewe taja tukio, uulize kabla au baada. Mwanao alikuwa anatembea? Mlikuwa mnaishi nyumba ipi? Utafika.

Nikaenda nyumbani nikaandika. Niliandika vizuri, msidhani, mimi ni mwalimu. "Mwaka 1966 alifunga ndoa na kuhamia Korogwe." Jumapili nikarudi kumsomea. Alisikiliza ameshika kidevu. Nilipomaliza, akauliza, "Umemaliza?" Nimemaliza, shangazi. "Umeandika uongo."

Wapi?

"Hapo pa ndoa. Sikuolewa mimi. Nilitoroka."

Ndugu wanachama, ukoo mzima tumekua tukijua shangazi aliolewa Korogwe. Kumbe babu alishakubaliana na nyapara mmoja, mtu mzima mwenye wake wawili, na siku imepangwa. Shangazi alikuwa na miaka kumi na sita au kumi na saba. Alfajiri akatoka na kanga mbili na sufuria moja ya mama yake, akafuata reli ya toroli za mkonge, kwa sababu barabarani angeonekana. Umande umemlowesha mpaka kiunoni. Kijana wa korona, yule aliyenunua kanga, alikuwa anamsubiri stesheni hapa Muheza. Wakapanda treni.

Babu hakumtaja jina lake kwa miaka minne. Lakini bibi, na hapa shangazi alinyamaza kidogo akaokota punje ya mchele mkekani, bibi miezi sita baadaye alimpata mtu anayekwenda Korogwe, akampa kifurushi. Hakutuma salamu. Shangazi alipokifungua alikuta mfuniko. Mfuniko wa ile sufuria.

Hayo ningeyapata wapi? Mwaka ambao Mungu atamchukua, nisingekuwa nimekwenda, ningesimama mbele ya kanisa na kusoma, "Marehemu alifunga ndoa mwaka 1966," na kanisa zima lingeitikia. Naye yuko pale, hatua mbili kutoka nilipo, ndani ya sanduku, anajua kwamba nasema uongo. Amenipa ruhusa niyaseme haya leo. Yuko mstari wa tatu, anajifanya anatafuta miwani.

Kwa hiyo msichukue tu maneno ya mtu mkaondoka. Rudini mmsomee. Kumsomea ndiko kunakozaa, kwa sababu mtu akisikia maisha yake yamesemwa kombo, hawezi kuvumilia. Atasahihisha. Na katika kusahihisha ndimo mnamotoka lile ambalo usingejua kuliuliza.

Mtaniambia, "Katibu, wazee wenyewe hawakubaliani." Ni kweli. Shangazi anasema babu alitoka Songea kwa miguu, wiki nyingi, wanalala chini ya miti. Baba mdogo anasema, upuuzi, mzee aliletwa na lori la waajiri wa manamba, hata wimbo wa kwenye lori aliuimba. Wamegombana mbele yangu mpaka chai ikapoa. Mimi ningefanya nini, niwe hakimu? Niliandika yote mawili, nikaweka kila moja na jina la msemaji. Mwaka uliofuata nikaelewa: mikataba ya manamba ilikuwa ya muda. Watu walikuja, wakarudi kwao, wakaja tena. Babu alikuja mara mbili. Kila mtoto alisimuliwa safari yake. Ningechagua mmoja, ningekuwa nimefuta safari nzima ya mtu kwa kalamu.

Nihamie kwa wale mnaosema, "Sisi hatukuachiwa kitu, wazee wetu hawakujua kuandika." Mna hakika?

Kuna nyumba moja mtaani kwetu, bibi yao alikuwa akiuza vitumbua. Alipofariki walikuta daftari ndani ya mkoba wa ukili, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu kuanzia jalada mpaka jalada. Wajukuu wakasema ni dua. Wakaubusu mkoba, wakautundika juu kabisa ukutani, asiuguse mtoto. Ukakaa pale miaka kumi na moja. Siku moja kuna hitima, mwalimu wa madrasa akauliza kile ni nini. Wakamteremshia kwa heshima. Akavaa miwani, akafungua, akasoma kimya, mara akaanza kutikisika mabega. Wakadhani analia. Alikuwa anacheka.

Kilikuwa Kiswahili. Kiswahili kitupu! "Mke wa fundi, pishi moja ya mchele, hajalipa." "Mke wa fundi, kibaba cha sukari, hajalipa tena." Daftari la madeni. Lakini akageuza kurasa, akaanza kusoma kwa sauti: usiku wa kuamkia Ijumaa, Mfungo Tano, nimejifungua mtoto wa kike, mvua imevunja banda la kuku. Huyo mtoto wa kike alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa, mtu mwenye wajukuu sasa, kitambulisho chake tarehe 1 Julai. Akaweka sinia chini. Hakuwa amewahi kuambiwa kwamba alizaliwa usiku, wala kwamba mvua ilikuwa inanyesha.

Pwani hii watu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi tunazofundisha shuleni. Mwana Kupona wa kule Siyu, mwaka 1858, mgonjwa, alimwandikia binti yake wosia mrefu wa mashairi, na mpaka leo unasomwa. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi hizohizo, na mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakayachapisha. Simsifu. Na hapo ndipo penye uchungu. Misafara yake tunaijua, vita vyake tunavijua, wakubwa aliokutana nao tunawajua. Wale waliobeba pembe mabegani, na wale waliofungwa minyororo, ambao ndio wengi, tunawajua kwa kalamu ya nani? Wao hawakuacha daftari. Anayeandika ndiye anayebaki, awe mwema au asiwe.

Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja, alijikuta Ujerumani, mjane mwenye watoto wadogo ambao hawakuwahi kuiona nyumba aliyozaliwa. Akaanza kuwaandikia wao. Kitabu kilitoka mwaka 1886. Mtu angetegemea atueleze mikataba na mizinga. Yeye anatueleza ua wa Mtoni: paa, tausi, bata na mbuni wakizurura pamoja, watoto wakikimbizana nao. Alijua watoto wake watataka nini. Na hapa hapa Tanga, Vibambani, mwaka 1909 alizaliwa Shaaban Robert, karani wa forodha. Karani! Akaandika maisha yake mwenyewe, mke aliyefiwa naye, kazi aliyoifanya. Hakusubiri awe waziri.

Wazee wangu mnaojua herufi za chuoni kuliko hizi za shule, andikeni kwa hizohizo. Atapatikana wa kusoma. Ila kwenye jalada wekeni neno moja wanalolijua wajukuu, wasije wakalitundika ukutani.

Sasa, siri. Kuna mzazi mwenzetu amenifuata wiki iliyopita, akasema, "Katibu, kuna mambo ya nyumbani kwangu yakiandikwa watu watatoana macho." Namheshimu. Si kila jambo ni la kusomwa leo. Andika, ufunge kwenye bahasha, uandike juu ifunguliwe na nani na baada ya nini. Na jambo la mtu mwingine aliye hai si lako kuliandika bila kumwuliza. Mimi shangazi alinifutisha kurasa mbili. Nilizifuta mbele yake. Ziliniuma, zilikuwa nzuri. Lakini zilikuwa zake.

Dakika zimebaki chache, Mwenyekiti ameshaigusa saa. Mambo ya mkono tu. Simu inarekodi vizuri, na mimi nilimrekodi baba mdogo saa mbili nzima, halafu simu ikaingia kwenye ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Sina tena hata neno. Rekodini, lakini wiki hiyohiyo mhamishie kwenye karatasi, na sauti yenyewe mmtumie mtu wa mji mwingine. Nunueni kaunta buku, siyo karatasi mojamoja, karatasi mojamoja ni chakula cha mende. Msiliweke kwenye sanduku linalogusa sakafu, mchwa hawajui kusoma. Nakala ikae nyumba mbili, tatu. Na picha! Zile picha za studio, watu wamesimama mbele ya pazia lililochorwa mnara na maua. Leo jioni zitoeni, kaeni na mzee, na nyuma ya kila picha andikeni majina kwa penseli laini, taratibu. Kalamu ya wino inachomoza upande wa pili. Nina picha moja ya harusi ya wazazi wangu ina watu kumi na mmoja. Wanne nawajua. Saba ni wageni wangu wa milele.

Hapa ndipo nilipokuwa nataka kufunga na kuingia kwenye turubai. Lakini bibi mmoja, yule anayeuza mihogo karibu na kisima, alikuwa amesimama nyuma, ameshika mwavuli. Hakuomba ruhusa ya Mwenyekiti. Naandika alivyosema.

"Katibu, nirudishe kwa yule mzee wa sanduku. Hizo siku nane alikuwa kwetu."

Ukumbi ukatulia. Nikamwambia, sema, mama.

"Mwiba wa mkonge ulimwingia mguuni, mguu ukavimba kama mtungi. Mama yangu alimweka barazani, anamkanda kwa maji ya moto, mimi ndiye nilikuwa nachota. Nilikuwa msichana mdogo. Alipopona akarudi shambani na kadi yake, wakamwambia muda wake umepita, aanze kadi mpya. Siku ishirini na mbili zile hawakumlipa. Kadi ikijaa ulikuwa unaiacha ofisini, unapewa pesa. Ile haikujaa, ndiyo maana alibaki nayo. Miaka yote alikuwa akipita kwangu ananitania: mwenzangu, bado wananidai siku nane, na mimi nawadai ishirini na mbili."

Nikamwuliza kama anajua alikotoka.

"Nimjue vipi nisijue? Mmakonde wa Newala. Kitangari. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Siku ya mazishi nilikuwepo, nikakusikia unasema mikoa ya kusini. Nikasema labda katibu ana sababu zake."

Mama, kwa nini hukuniambia?

"Uliniuliza?"

Nikafungua kaunta buku palepale. Akasogea mpaka mbele, akasimama karibu na mkono wangu, akiangalia kalamu ingawa hasomi. "Kitangari," akasema. "Usije ukaandika Kitangiri, hiyo ni ya Mwanza."

Turubai sikulisemea tena.